Hali yake inaendelea vizuri... kwa kipimo gani?

Wadau, kuna sentensi moja ambayo kila mwandishi wa habari nchini anaweza kuiandika akiwa amefumba macho. Ikitokea ajali barabarani, gazeti litakuambia wamekufa wangapi, gari lilikuwa linatoka wapi kwenda wapi, Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha, na chanzo ni mwendokasi. Halafu mwishoni, kama nafasi kwenye ukurasa imebaki, utakutana nayo: "Majeruhi walitibiwa na kuruhusiwa, na hali zao zinaendelea vizuri." Nukta. Habari imekwisha, tunageuza ukurasa kutafuta matokeo ya Simba na Yanga.

Leo naomba tuikamate hiyo sentensi kidogo. Zinaendelea vizuri kwa kipimo gani? Nani aliyepima? Alipima lini? Aliyekatwa mguu kila mtu anamwona. Aliyevunjika mkono amefungwa P.O.P., hata mtoto anajua asimvute. Lakini aliyegonga kichwa, akazimia dakika chache, akaamka, akapimwa na kuambiwa "huna kitu", huyo anarudi nyumbani akiwa mzima machoni pa watu wote. Wanamwona anatembea, anacheka, anapokea simu. Kilichobadilika hakionekani mpaka uishi naye.

Nayasema haya kwa sababu ya Lamadi.

Kwa msiopajua, Lamadi ni mji mdogo wa wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria iko upande mmoja, na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti haliko mbali. Hapo ndipo barabara ya kwenda Bariadi inapochepuka. Kwa hiyo kila kitu kinakutana hapo: mabasi ya Sirari, malori, magari ya watalii, samaki, mpunga, pamba, ng'ombe na bodaboda. Ukishuka kwenye basi pale njia panda, kabla mguu wako wa pili haujagusa chini, vijana watano wameshakuuliza unakwenda wapi. Mmoja wa vijana hao ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Jina lake naliacha, maana ana biashara ya kulinda.

Basi bwana, jioni moja mwaka jana, giza linaanza kuingia, ng'ombe alikatiza barabara. Bahati ni kwamba mdogo wangu hakuwa na abiria. Helmeti ilikuwepo, ila ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, mahali ambapo helmeti nyingi za nchi hii hukaa. Akaruka, kichwa kikagonga ukingo wa lami. Wenzake wa kijiweni mmoja anasema alizimia dakika tano, mwingine anasema mbili. Yeye hakumbuki ajali wala nusu saa iliyotangulia. PF3 ikachukuliwa polisi, akapelekwa hospitali, akalazwa usiku mmoja, akapigwa CT Scan. Safi! Hakuna damu iliyovuja, hakuna mfupa uliopasuka. Akapewa panadoli, akaambiwa apumzike siku chache. "Uko sawa, kijana."

Na kwa kile kipimo alikuwa sawa kweli. Sitaki mtu aelewe kwamba namlaumu aliyeisoma ile picha. Nitafika huko.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta chini ya mwembe, kalipa jua mgongo. Tuliongea vizuri tu, akanitania kwamba kazi ya kuandika inaotesha kitambi. Baada ya kama saa moja akaomba akalale. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Mengine alinisimulia shemeji. Redio haiwashwi tena ndani ya nyumba ile. Mtoto akilia, baba yake anafoka, mtu ambaye hajawahi kufoka. Siku ya kumi baada ya ajali alijaribu kurudi kazini, akadumu siku tatu. Abiria alimpa noti ya elfu kumi, nauli elfu tatu na mia tano, yeye akarudisha elfu saba na mia tano. Abiria akaipokea, akaenda zake kimya. Siku iliyofuata alitumwa kuchukua mzigo wa dagaa, akafika katikati ya njia akasimama, hakumbuki ametumwa nini wala na nani. Siku ya tatu akaiegesha pikipiki mwenyewe.

Sasa pale nyumbani palikuwa na mahakimu watatu, na kila mmoja alikuwa na rula yake.

Wa kwanza ni mama mdogo. "Mwanangu, anamaliza ugali wote. Anaoga mwenyewe. Amepona, tumshukuru Mungu." Msimcheke. Kwa mzazi aliyekesha nje ya wodi akisubiri kuambiwa kama mwanawe ataamka, sahani iliyoisha si kipimo kidogo.

Wa pili ni mwenye pikipiki. Mdogo wangu alikuwa anaendesha kwa mkataba, kila siku anapeleka hesabu, na hesabu haijui kichwa kinauma. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Aliniambia hivi: "Mashine ya hospitali imesema mzima. Yeye anasema kichwa kinamsumbua. Mimi nitajuaje kama ni kichwa au ni uvivu?" Nilikaa nalo swali hilo siku nyingi. Ni swali la haki kabisa, na sikuwa na jibu.

Wa tatu ni yeye mwenyewe, na huyu ndiye aliyenichanganya zaidi. Mbele ya bosi anasema yuko fiti. Mbele ya mkewe anasema hajui ana nini. Ukimuuliza kuhusu chenji anacheka. Ukiikosa pikipiki umekosa kula, kwa hiyo ana kila sababu ya kuficha. Hapo hapo anaogopa, kwa hiyo ana kila sababu ya kusema. Utaamini lipi?

Na kuna wa nne ambaye hakuwepo kwenye kikao: abiria atakayepanda nyuma yake siku atakayorudi barabarani. Pengine mama mwenye mtoto mgongoni, anawahi kliniki. Huyo hajaulizwa na mtu.

Niliporudi mjini nikaanza kusumbua madaktari ninaowafahamu na kusoma usiku. Hii hali inaitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo ukitikiswa ndani ya fuvu, nyuzi nyembamba za neva zinavutwa. Chembe za chumvi ambazo zilitakiwa kubaki ndani ya seli zinatoka, za nje zinaingia. Seli zinahitaji nguvu nyingi sana kurudisha kila kitu mahali pake, na wakati huo huo damu inayoleta hiyo nguvu inaweza kuwa imepungua. Ni kama nyumba ambayo kuta zote zimesimama ila umeme unakatika-katika. CT Scan ni fundi wa kukagua kuta. Anatafuta damu, uvimbe na ufa, na anatafuta haraka kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoua usiku wa kwanza. Alifanya kazi yake. Umeme hakuupima, maana hakuletwa kwa ajili hiyo.

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kulikuwa na namba nyingine: 15/15. Hii ni alama ya Glasgow. Ilitungwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa mji huo wa Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Unaangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi, maneno yanatoka vipi, mwili unajibu vipi. Alama za chini kabisa ni 3, za juu ni 15. Ukiwa na 13 hadi 15 jeraha lako linaitwa dogo. Lakini angalieni, "dogo" hapa ni neno la siku ya kwanza. Linakuambia mgonjwa alikuwa mbali kiasi gani na kifo. Yuko karibu kiasi gani na kazi yake, halikuambii.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Jennett mwenyewe aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1975, yeye na Michael Bond walitoa kipimo cha pili, cha kupima mgonjwa ameishia wapi. Kilikuwa na ngazi tano, kuanzia kifo hadi kupona vizuri, na baadaye kikapanuliwa kuwa na ngazi nane. Kilichonifurahisha ni maswali yake. Hayataji ubongo! Unaweza kubaki nyumbani peke yako? Unaweza kwenda dukani? Unasafiri mwenyewe? Umerudi kazini, na kwa kiwango kilekile? Unakutana na marafiki? Nyumbani mnaelewana? Na kila mara kuna swali la nyuma yake: kabla ya kuumia, hali ilikuwaje?

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu hapimwi kwa kulinganishwa na wewe au mimi. Analinganishwa na yeye wa zamani. Kama zamani alikuwa hawezi kukumbuka oda tatu, leo kutozikumbuka si ugonjwa. Mdogo wangu alikuwa anakumbuka oda saba.

Mwaka 1995 Waingereza walitoa dodoso linaloitwa Rivermead. Lina dalili 16: kichwa kuuma, kizunguzungu, kelele kukera, usingizi, hasira, kusahau, mawazo kwenda polepole, mwanga kuumiza na kadhalika. Kila moja unaipa alama kutoka 0 hadi 4. Ndani yake kuna ujanja mmoja mzuri. Alama 1 maana yake ni kwamba tatizo lipo lakini si kubwa kuliko lilivyokuwa kabla ya ajali, na wakati wa kujumlisha, hizo moja zote hazihesabiwi. Kumbe hata hapo kipimo ni kile kile, wewe wa leo na wewe wa jana.

Haya. Tuseme mtu alikuwa na jumla ya 30, mwezi uliofuata ana 24. Je, amepona? Alama sita ni nyingi au chache? Hapa ndipo wengi tunapotegwa, maana namba ikishuka tunapiga makofi. Mwaka 1989 watafiti watatu, Jaeschke, Singer na Guyatt, waliandika wazo rahisi ambalo limebadilisha namna ya kusoma namba hizi. Walisema tutafute badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe analiona na kulihesabu kuwa ni nafuu. Chini ya hapo, namba imesogea lakini maisha hayajasogea. Isitoshe, mtu huyo huyo ukimpima leo na keshokutwa bila kitu kubadilika, alama zitacheza tu. Jana hakulala. Leo ana malaria. Keshokutwa kapigiwa simu ya deni.

Turudi kwa mdogo wangu. Kichwa kinaweza kupungua kuuma, usingizi ukarudi, kizunguzungu kikaisha, jumla ikashuka vizuri, lakini kama bado anakosea chenji hajarudi kazini. Kinyume chake pia kinawezekana. Kichwa kinaweza kuendelea kumgonga kila jioni, lakini kama anaweza kufanya kazi mpaka mchana bila kosa, nyumba ina unga. Dodoso ni lile lile, jumla zinaweza hata kufanana, ila maisha ni mawili tofauti.

Kuna na suala la lugha, wadau, hili nalipenda. Wanamichezo wana kipimo chao kinachoitwa SCAT. Kilianzia kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Prague mwaka 2004, na toleo la sita lilitoka mwaka 2023. Kimekusudiwa zaidi siku chache za mwanzo. Ndani yake kuna zoezi la kutaja miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma. Kwa Mwingereza hiyo ni kazi, December, November, October, ubongo lazima uchimbe. Sasa mwambie kijana wa Lamadi ataje miezi kinyumenyume. Atakuambia: mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi, wa tisa... Anahesabu namba tu! Mdogo wangu aliimaliza bila kupepesa macho, siku ile ile ambayo alikuwa amesahau sufuria kwenye moto. Mtihani ukivushwa mpaka bila kukaguliwa, unafika ukiwa mtihani mwingine.

Wapo wanaolifanya hili kwa makini. Pale KCMC, Moshi, watafiti wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za majeruhi wa kichwa tangu mwaka 2013. Wengi wao ni wanaume vijana walioumia barabarani, yaani hawa hawa wa kijiweni. Watafiti hao waliyachukua hata madodoso ya kupima unywaji wa pombe, wakayatafsiri, kisha wakayajaribu kwa majeruhi wa hapo kuona kama kwa Kiswahili bado yanapima kile yanachodai kupima. Ndivyo inavyotakiwa. Tafsiri peke yake haitoshi.

Na msije mkadhani hili ni tatizo la nchi maskini. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao TRACK-TBI. Waliwafuatilia watu waliotibiwa kwenye hospitali kubwa za majeruhi wakiwa na jeraha "dogo" la kichwa. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 53 walisema bado kuna jambo la maisha yao ambalo halijarudi kama zamani. Lakini watafiti walikuwa na busara, wakawafuatilia pia watu walioumia viungo bila kuumia kichwa. Hao nao, asilimia 38 walisema hivyo hivyo.

Tafakarini hizo namba mbili kwa pamoja. Ya kwanza inasema "dogo" si dogo. Ya pili inasema si kila kinachombakia majeruhi kinatoka kwenye ubongo. Ajali yenyewe ina mkia mrefu: maumivu, hofu ya barabara, deni, kukaa bila kazi, kudharauliwa nyumbani. Anayetaka kupima kupona akiuliza kichwa tu bila kuuliza deni, amepima nusu. Niongeze haraka, ili nisiwatishe, kwamba wale walikuwa watu waliofikishwa hospitali kubwa. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hupata nafuu ndani ya wiki chache. Shida ni wale wachache ambao wiki zinapita, na hakuna anayewahesabu.

Sasa tulifanya nini Lamadi?

Kwanza tulimtafuta tabibu wa kituo kimoja cha afya cha maeneo yale, kijana mpole, akamkagua upya. Akasema pikipiki bado. Akasema pia kitu ambacho kiliwashangaza wazee, kwamba kulala gizani wiki nzima si dawa. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha, halafu mtu aanze kutembea taratibu, aongeze kidogo kidogo, dalili zikizidi sana apunguze. Huo ndio msimamo wa wataalamu wa siku hizi.

Halafu tukachukua daftari la mtoto. Nikamwambia mdogo wangu: taja mambo matano ambayo yakirudi, wewe mwenyewe utasema umerudi. Hakutaja maumivu hata moja! Alisema hivi:

Kurudisha chenji siku nzima bila kosa.
Kukumbuka oda tatu bila kuandika.
Kukaa kijiweni saa mbili na kelele zake zote.
Mtoto kulia bila yeye kufoka.
Kuendesha pikipiki bila abiria, mchana, nyuma yake akifuata dereva mkongwe anayemwangalia. Hili ni mpaka tabibu aruhusu.

Chenji tulipata pa kuipimia. Shemeji ana genge la chai na maandazi, mdogo wangu akawa mtunza fedha. Kila Jumapili wanajaza daftari, yeye upande wake, mkewe upande wake, bila kuchunguliana. Yule bosi nilimpelekea ukurasa wa kwanza nikamweleza kwamba hiki ndicho kitakachomjulisha kama ni kichwa au ni uvivu. Akausoma taratibu, akasema pikipiki atampa deiwaka kwa wiki sita, halafu tuongee. Hakusamehe deni. Alikubali kusubiri.

Yaliyojitokeza kwenye daftari hakuna mashine ingeyaona. Kwenye chenji walikubaliana karibu kila wiki, maana pesa haidanganyi. Kwenye kufoka walipishana mbingu na ardhi. Yeye alijipa alama nzuri tangu Jumapili ya pili, shemeji alianza kumpa Jumapili ya saba. Kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa peke yake unakosa, na ukimuuliza mke peke yake unakosa pia, kwa sababu zile saa mbili za kijiweni ni yeye tu aliyejua kichwa kilikuwa kinafanya nini. Wiki ya tano kila kitu kilirudi nyuma. Tulishtuka. Kumbe wiki ile mtoto alikuwa na homa na nyumba nzima haikulala. Kama tungekuwa tumepima mara moja tu, siku ile, tungesema anazidi kuharibika.

Wiki sita zilipoisha tulikuwa na mambo mawili kati ya matano. Bosi akanung'unika, akaongeza nyingine nne. Ya kumi tulikuwa na manne, na tabibu akaruhusu zoezi la barabarani. Mwisho wa mwezi wa tatu alirudi kazini, kwa masharti aliyojiwekea mwenyewe: kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, hakuna kazi za usiku, na helmeti inakaa kichwani. Kijiwe chenye kelele bado kinamshinda, kwa hiyo anaegesha upande wa pili wa barabara peke yake, na anakosa abiria wengine kwa sababu hiyo. Hesabu wamepatana ipungue.

Je, amepona? Niambieni nyie. Kwa CT Scan alipona siku ya kwanza. Kwa alama ya Glasgow, siku ya kwanza pia. Kwa mama mdogo, wiki ya kwanza. Kwa bosi, ni robo tatu ya hesabu. Mwenyewe nilimuuliza kwenye simu mwezi uliopita, akasema: "Kaka, saa za asubuhi ni mimi. Jioni bado sijafika." Kwangu hilo ndilo jibu lenye maana kuliko namba zote nilizosoma, lakini bila zile namba nisingejua namna ya kumuuliza.

Ninachokiona ni kwamba hatuna uhaba wa vipimo. Vipo, na vingi havihitaji mashine wala umeme, vinahitaji kalamu na mtu wa kuuliza. Tunachokosa ni kipimo cha pili. Siku ya kwanza kila mtu yupo: polisi, daktari, mwandishi, ndugu. Siku ya tisini hakuna mtu. Simu moja ya hospitali baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu, maswali matano: umerudi kazini, kwa kiwango kile kile, nyumbani mnaelewana, unalala, nini kimebaki? Dakika tano. Kwa kijana wa mkataba, dakika hizo tano zinaweza kuwa ushahidi pekee mbele ya mtu anayemdai. Kwa yule mama mwenye mtoto mgongoni, zinaweza kuwa zaidi ya hapo.

Na sisi wa magazeti tunaweza kupiga simu hiyo hiyo. Ajali haiishi siku gazeti linapotoka.

Jambo la mwisho, na hili ni la kukariri. Aliyegonga kichwa akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kuuma badala ya kupungua, akapata degedege, akawa mgumu kuamka, akachanganyikiwa, mkono au mguu wa upande mmoja ukalegea, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, msisubiri asubuhi. Hospitali hapo hapo. Madaftari ni ya baadaye.

Kama unaye ndugu au jirani aliyeanguka miezi kadhaa iliyopita na mkasema amepona, leo mpigie. Usimuulize "unaendeleaje", maana atakujibu "salama" kama Watanzania wote. Muulize ni kitu gani alikuwa anakifanya zamani ambacho siku hizi hakifanyi. Halafu nyamaza umsikilize.

Tupo pamoja.